Shule ya shamba iliyogeuka chuo kikuu, na maneno iliyotuachia

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja, sauti imemlegea kama ya mtu aliyepokea habari za msiba. KUCCPS ilikuwa imetangaza mchana ule ni nani ameitwa chuo gani. "Anko, nimeitwa Egerton. Njoro. Ukulima." Nikampongeza kwa furaha. Yeye kimya. Kisha akasema, "Sasa kwa grupu ya darasa wananiita bwana shamba. Mmoja amenitumia picha ya jembe."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikajaribu kumweleza kwamba bwana shamba lilikuwa jina la heshima wakati mimi na mama yake tulipokuwa watoto, kwamba pikipiki ya bwana shamba ilipoingia kijijini wazee waliacha bao wakasimama. "Hiyo ni ya zamani, anko," akanijibu, na kredo ikaisha. Nilibaki na simu mkononi nikijiuliza neno hili lilichafuka lini, na chuo alichoitwa, ambacho historia yake yote imejengwa juu ya neno shamba, kina nini cha kumjibu. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Shamba ni mojawapo ya maneno ambayo Kiswahili hukitumia kwa pande mbili zisizopatana. Upande wa kwanza ni mali: shamba la minazi, shamba la chai, fulani kanunua shamba. Upande wa pili ni mahali: kwenda shamba ni kutoka mjini. Katika miji ya pwani, ambako ustaarabu wa mtu ulipimwa kwa kukaa kwake mjini, aliyetoka shamba alikuwa wa kuchekwa, na humo ndimo alimozaliwa mshamba, yule asiyejua kuvaa, kula wala kusema. Tazama basi: mwenye shamba ni tajiri, mshamba ni kituko, ilhali mzizi ni ule ule. Wapo waliowahi kudai kwamba shamba lina nasaba na neno la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo. Mimi sijashawishika, na hapa si mahali pa ugomvi huo.

Kiingereza cha Kenya nacho kililichukua shamba kama lilivyo, bila kulitafsiri. Walowezi walilitumia, mahakama zetu hulitumia hadi leo katika kesi za ardhi, na idara ya misitu ilikuwa na "mfumo wa shamba", ambapo wakazi waliruhusiwa kulima mahindi na viazi katikati ya miche ya miti hadi miti ikue. Mtunza bustani wa mzungu aliitwa kijana wa shamba hata akiwa na wajukuu. Neno likawa la kila mtu, na kila mtu akalipa uzito wake.

Sasa twende Njoro. Mwaka wa 1939, yapata kilomita 25 kutoka mjini Nakuru, Mwingereza mmoja, Lord Maurice Egerton wa Tatton, alitoa ekari 740 za ardhi ili paanzishwe shule. Ikaitwa Egerton Farm School, yaani Shule ya Shamba ya Egerton. Tuseme wazi ilikuwa ya nani. Ilikusudiwa vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu pekee. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki ardhi katika nyanda zile. Alikuwepo, tena kwa maelfu, lakini alikuwepo kama kibarua na kama skwota, kipande kikining'inia shingoni. Aliyelijua shamba kwa mikono yake hakuwa na kiti katika shule ya shamba. Kama alitaka kufunzwa kilimo, alifunzwa kwingine, kama vile Bukura, na katika ngazi ya chini.

Huyu Egerton mwenyewe alikuwa mtu wa aina yake. Alizaliwa mwaka wa 1874, akawa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kupata leseni ya kurusha ndege (yake ilikuwa nambari 11), na hakuoa maisha yake yote. Huko Ngata, nje ya Nakuru, alijijengea kasri la mawe ambalo ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuendelea hadi miaka ya 1950. Ukilizuru leo, waongozaji wageni watakusimulia jinsi mwanamke aliyempenda alivyokiona kijumba chake cha kwanza akakilinganisha na kizimba cha kuku. Basi akajenga kasri, na hata hivyo bibiye akakataa. Ni hadithi tamu na mimi huisikiliza kama ninavyosikiliza ngano nyingine. Wanaoipenda ni wengi kuliko wanaouliza mawe yale yalibebwa na nani.

Ukoo wa Egerton ulikuwa na kaulimbiu ya Kilatini yenye maneno mawili tu, Sic Donec, ambayo taasisi iliirithi. Kwa Kiswahili tungesema "hivi hadi". Hadi lini? Hadi nini? Sentensi haikumalizika. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa Njoro wao huimalizia vipi. Mmoja aliniambia bila kusita: "Hivi hadi Helb iingie."

Kufikia 1955 shule ilikuwa imebadilisha jina ikawa Chuo cha Kilimo cha Egerton, ikitoa cheti cha mwaka mmoja na stashahada ya miaka miwili. Mwaka wa 1958, mwaka aliofariki, Egerton aliongeza ekari nyingine 1,100. Muda mfupi baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika. Ni mstari mmoja tu katika vitabu vya historia, ila pima uzito wake: watoto wa wale maskwota waliingia kwa lango la mbele wakiwa na vitabu.

Na hapo ndipo alipotoka bwana shamba tuliyemjua sisi.

Cheo chenyewe kilikuwepo kabla, na hakikuwa na sifa njema. Wakati wa ukoloni bwana shamba alikuwa mtu wa kuogopwa. Ndiye aliyesimamia uchimbaji wa makingamaji ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi ya lazima, ambapo akina mama waliacha vibarua vyao wakaenda kuchimba mitaro huku wakihesabiwa kama wafungwa. Neno bwana hapo lilikuwa na maana yake kamili: mwenye amri. Baada ya uhuru, bwana yule yule akageuka mshauri. Akaja na viatu vya mpira, daftari na habari mpya: mbegu chotara za mahindi kutoka Kitale, nafasi kati ya shimo na shimo, ng'ombe wa gredi na josho lake. Wengi wa mabwana shamba hao walikuwa na stashahada ya Njoro mfukoni. Hawakuwa na shahada, wala hakuna aliyewauliza shahada. Mkulima alitaka kujua tu kwa nini kahawa yake inadondosha majani, na mtu huyu alijua.

Tazama vile lugha ilivyofanya kazi. Bwana lilibaki, amri ikaondoka. Likaachwa kama sega la nyuki ambalo asali mbaya imemwagwa ikatiwa nzuri. Ikatokea hata mwanamke mwenye kazi hiyo akaitwa bwana shamba, ingawa ng'ambo ya mpaka Watanzania walikuwa na bibi shamba wao. Baadaye Watanzania wakapiga hatua nyingine wakatupa afisa ugani na huduma za ugani. Ninalipenda neno hili. Uga ni uwanja ulio wazi mbele ya nyumba, na ugani ni huko uwanjani, nje ya ofisi, kwa wenye kazi. Redio na magazeti yetu hupendelea "afisa wa kilimo nyanjani". Nyanja ni eneo la shughuli, sawa, lakini nyanja pia ni ziwa, na kila nikisikia afisa wa nyanjani huniijia taswira ya mtu mwenye daftari ndani ya mtumbwi. Nisamehewe, lakini katika hili jirani ametushinda.

Kwa nini basi wanafunzi wa leo wanalicheka jina hilo? Jibu haliko katika kamusi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ikibanwa na masharti ya wakopeshaji, uajiri wa watumishi wa umma ulipungua. Bwana shamba aliyestaafu hakupata mrithi. Pikipiki ikakosa mafuta, kisha ikakosa matairi. Katiba ya 2010 ikahamishia huduma hizo kwa kaunti, nazo kaunti zina mengi mikononi. Leo mkulima mwenye swali huenda kwa mwenye duka la agroveti, ambaye jibu lake aghalabu liko rafuni na lina bei. Mtoto aliyezaliwa baada ya 2000 anaweza kumaliza shule ya upili bila kumwona bwana shamba hata mara moja. Neno likikosa mtu wa kulivaa, hubaki likining'inia msumarini, na watoto hulichezea.

Turejee chuoni. Mwaka wa 1979 serikali ya Kenya na shirika la misaada la Marekani, USAID, ziligharamia upanuzi mkubwa. Mwaka wa 1986 chuo kikatangazwa katika gazeti rasmi kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kukifanya chuo kikuu kamili, cha nne cha umma baada ya Nairobi, Moi na Kenyatta. Profesa Richard Musangi ndiye aliyekuwa naibu chansela wa kwanza.

Hapa nivute pumzi, maana wasomaji wamewahi kuniandikia kuhusu cheo hiki. Naibu chansela si naibu wa mtu aliye ofisi ya pili. Yeye ndiye anayeendesha chuo. Chansela humwona siku ya mahafali. Watanzania humwita makamu mkuu wa chuo, na utata ni ule ule, kwa kuwa sote tuliiga utaratibu wa Waingereza kisha tukautafsiri neno kwa neno. Kwetu utata huo ulikuwa na makali yake. Hadi 2002 chansela wa kila chuo kikuu cha umma nchini alikuwa Rais mwenyewe. Mwanafunzi aliyerusha jiwe barabarani alikuwa amemrushia chansela wake, na chuo kikifungwa hakikufunguliwa upesi.

Egerton ilizaliwa, kama chuo kikuu, wakati wa msongamano. Mwaka huo wa 1987 vyuo vikuu vya umma vilipokea makundi mawili ya wanafunzi kwa mpigo mmoja, na mwaka wa 1990 vikafanya hivyo tena, wahitimu wa mwisho wa kidato cha sita wakiingia sambamba na wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4. Chuo kilichojengewa wanafunzi wachache wa stashahada kikatakiwa kumeza umati. Kozi za ualimu, sanaa na sayansi ya jamii zikapanuka, kwa sababu kuongeza madawati katika ukumbi ni rahisi kuliko kuongeza maabara. Chuo cha shamba kikawa chuo cha kila kitu. Leo hata udaktari wa binadamu unafunzwa katika bewa lake la mjini Nakuru. Mabewa mengine yalikua yakahama nyumbani: Laikipia, Kisii na Chuka yote yalikuwa wana wa Egerton kabla ya kupata hati zao mwaka wa 2013.

Istilahi za chuo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kitengo kikubwa cha masomo tunakiita kitivo. Neno hilo lilikuwepo kabla ya chuo kikuu chochote, na maana yake ni mahali penye rutuba. Sijui kama kuna chuo nchini ambacho neno hili linakikaa vizuri kama Njoro, kwenye udongo mwekundu unaonata kwenye viatu. Anayemaliza shahada ya kwanza huendelea na uzamili, kutoka zamili, mwenzi wa kazi au masomo. Kisha hufuata uzamifu, ambao wengine huuandika uzamivu, kutoka kuzama, kama mzamia lulu. Yaani mtu huanza kwa kutoa ushahidi, ndiyo shahada, kisha akawa mwenzi wa wasomi, kisha akazama. Wapo wanaozama wasiibuke, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine. Bewa lenyewe ni letu Wakenya zaidi. Watanzania husema kampasi au tawi, na ndaki kwa kile kilicho kati ya kitivo na chuo kizima.

Cha kusikitisha ni kwamba maneno haya mazuri huyasoma gazetini zaidi ya kuyasikia chuoni. Mimi ndiye niliyempeleka mpwa wangu siku ya kuripoti. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina adabu. Tulisimama foleni tangu asubuhi, yeye na godoro, mimi na bahasha ya stakabadhi. Kila kibao kilikuwa cha Kiingereza. Lakini masikio yangu yalisikia lugha nyingine kabisa, wala haikuwa Kiingereza.

"We fresha, umepata rum ama utapairati?" kijana mmoja alimuuliza.

Mpwa wangu alinitazama mimi, eti mtaalamu wa lugha. Ilibidi nami niulize. Pairati ni yule haramia wa baharini, na kupairati ni kulala katika chumba ambacho hukupewa, kwa hisani ya mwenye kitanda. Vitanda ni vichache, wanafunzi ni wengi, na wasiopata hukodi vyumba nje ya lango, Njokerio, kijiji ambacho kimeacha kulima mahindi kikalima nyumba za kupangisha. Asiye na kodi huwa haramia. Na pairati akiwa na mwenyeji mwenye mchumba, hufika Ijumaa ambapo huombwa kwa upole atafute pengine pa kulala. Hapo husemwa yuko eksaili, uhamishoni. Fikiria neno hilo lilivyosafiri. Katika miaka ya 1980 wahadhiri na wanafunzi wa Kenya walikimbilia uhamishoni kweli, London na Dar es Salaam, wakihofia kizuizi. Leo eksaili ni kubeba blanketi kuvuka korido.

Neno jingine la miaka ile limepata hatima ya ajabu zaidi. Mwakenya lilikuwa jina la vuguvugu la siri, kifupi cha Muungano wa Wazalendo wa Kuikomboa Kenya, na mwaka wa 1986 watu walikamatwa, wakateswa na kufungwa kwa kuhusishwa nalo. Muulize mwanafunzi yeyote wa sasa mwakenya ni nini. Atakuambia ni kijikaratasi chenye majibu kinachofichwa mkononi au kwenye soksi wakati wa mtihani. Maelezo ninayoyaona kuwa ya busara ni kwamba machapisho ya vuguvugu yalipitishwa kwa siri, yakikunjwa na kufichwa, na kupatikana nayo kulikuwa balaa. Sura ya kitendo ikabaki, siasa ikasahauliwa. Ninamfahamu mzee mmoja aliyefungwa kwa ajili ya Mwakenya ya kwanza, ambaye mjukuu wake alifukuzwa mtihani kwa ajili ya mwakenya ya pili. Mzee alipoambiwa kosa la mjukuu alishtuka, akauliza, "Bado wanakamata?"

Mtihani mdogo ni kati, ambao hauko katikati ya chochote bali ni herufi tatu za Kiingereza zilizovaa irabu ya Kibantu. Anayeanguka hufanya sapu. Kukesha ukisoma ni kupiga transnaiti. Wote kwa jumla ni makomredi, neno lililotoka kwa wanasiasa wa mrengo wa kushoto likabaki hata wale walioliita wenzao hivyo walipokuwa mawaziri.

Juu ya chakula na pesa kuna somo la historia pia. Zamani serikali iliwalisha wanafunzi na kuwapa posho, na siku ya posho iliitwa bumu, kwa mlipuko wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja mfumo wa kugawana gharama, na mesi ikawa ya kulipia. Wanafunzi wakaupa mfumo huo jina la ile kodi ya mishahara, PAYE, ila herufi ya mwisho ikasimamia kula badala ya kupata. Kejeli hiyo ilikuwa na ukali, kwa kuwa wengine walilala njaa. Mwaka wa 1995 sheria ikaunda bodi ya mikopo ya HELB, na taratibu bumu likafifia kwetu, mkopo ukaitwa kwa jina la bodi: "Helb imeingia?" Ukienda Dar es Salaam leo utalikuta bumu mzima wa afya midomoni mwa wanafunzi. Neno lililozeeka kwetu bado ni kijana huko.

Na Helb isipoingia ndipo chapo madondo huonyesha thamani yake. Mpwa wangu alinipigia simu katika mwaka wake wa pili, sasa sauti imechangamka, kunieleza kwamba chuo chake ndicho kilichozalisha aina za maharagwe ziitwazo Chelalang, Tasha na Ciankui, na kwamba yeye alikuwa amepanda mojawapo katika kitalu cha mazoezi. "Anko, hata madondo tunayokula yanaweza kuwa yetu!" Nilimwuliza grupu ya darasa inasemaje siku hizi. Akasema wengi wao wanatafuta kazi.

Yapo mengi ya kulalamikiwa katika vyuo vyetu vikuu vya umma, na gazeti hili limeyaandika: madeni, mishahara inayochelewa, migomo ya wahadhiri inayokula mihula, mifumo ya ufadhili inayobadilika kabla wazazi hawajauelewa ule wa kwanza. Mimi ni mtu wa lugha, na lalamiko langu ni dogo kwa umbo. Mwanafunzi wa kilimo hufunzwa miaka minne kwa Kiingereza, kisha hutumwa kwa mkulima. Katiba hiyo hiyo iliyohamisha huduma za kilimo inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo hakuna mahali ambapo mwanafunzi huyu huketi akafunzwa namna ya kusema kwa Kiswahili kile alichojifunza. Maneno yapo. Watanzania wana sumukuvu kwa ile sumu ya ukungu inayoua watu kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Tuna kutu ya ngano, ugonjwa ambao watafiti wa Njoro wamepambana nao tangu enzi za mkoloni. Wadudu walipovamia mahindi yetu mwaka wa 2017 redio zilitupa viwavijeshi, na nchi nzima ikaelewa siku hiyo hiyo, kwa sababu neno lilikuwa na picha ndani yake. Lakini maneno haya yako redioni na magazetini. Kwenye maktaba ya mwanafunzi hayamo.

Nilijua uzito wa jambo hili likizo iliyopita, mpwa wangu aliporudi kutoka atachmenti, yaani mafunzo ya nyanjani, au tuseme ya ugani. Alikuwa ametumwa upande wa Subukia. Siku ya kwanza alipelekwa kwa mama mmoja mzee ambaye mahindi yake yalikuwa ya manjano, umanjano ukianzia ncha ya jani na kushuka katikati kama mshale, majani ya chini yakiwa hoi kuliko ya juu. Kitabuni hilo halina utata.

"Nikamwambia, shosho, hii ni difishensi ya naitrojeni," alinisimulia. "Akaniangalia tu. Nikasema, yaani, plant haina nutrients za kutosha. Akaniuliza kama ni ugonjwa, anyunyize dawa gani, kwa sababu mtu wa agroveti alikuwa amemuuzia dawa tayari, mara mbili. Nikaona anko, mimi nimesoma miaka mitatu na siwezi kuambia huyu mtu kitu kimoja."

"Ukafanyaje?"

"Nikanyamaza kwanza. Halafu nikamwambia, shosho, mahindi yako si magonjwa. Yana njaa."

Mzee wa watu alicheka hadi akaketi. Njaa aliijua. Akauliza yanataka chakula gani, na mpwa wangu akamweleza kuhusu mbolea ya CAN, kiasi cha kizibo cha soda kwa kila mche, isiguse shina, itiwe udongo ukiwa na unyevu. Akamweleza pia kwamba majani ya chini huanza kwa sababu mmea wenye njaa huchukua chakula kwa wakubwa ukawapa wadogo. "Kama sisi tu," mama akasema. Zile chupa mbili za dawa alizitoa uvunguni mwa kitanda, hazijaisha, akataka kujua kama zinaweza kurudishwa dukani.

Kabla ya kuondoka, mjukuu wa yule mama, mvulana wa darasa la sita, aliombwa aandike nambari ya mgeni kwenye simu. Wiki tatu baadaye simu ya mpwa wangu ililia akiwa Njokerio. Mama alitaka aje ayaone mahindi. Alienda Jumamosi iliyofuata kwa nauli yake mwenyewe. Huko ndiko alikoonyeshwa jina lake lilivyohifadhiwa, akalipiga picha na kuituma kwenye ile grupu ya darasa bila kuandika neno lolote chini yake. Mvulana alikuwa ameandika: Bwana Shamba Msichana.